Cheka Kidogo, Nikupige Picha

Tangu nianze kusimulia mikasa yangu hapa, hakuna wiki niliyoogopa kushika kalamu kama hii. Juzi msomaji mmoja wa Koboko alinipigia simu akanitukana mpaka salio lake likaisha. Alikuwa na haki yake, na hata hayo ya leo alikuwa bado hajayasikia.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni Drateru, mpishi wa shule moja hapa Ediofe, mjini Arua. Mshahara wa sufuria haukunitosha, nikaanza kuuza vitu vilivyotumika kupitia simu. Nanunua kwa mtu anayehama au aliyeishiwa, napiga picha, naweka mtandaoni, natia cha juu. Mdogo wangu Acidri, mwenye pikipiki, ndiye aliyekuwa miguu yangu. Kila kitu alichonitafutia na kunibebea kilikuwa na fungu lake. Mlishasoma jinsi friji yangu ya kwanza ilivyounguza ukuta wa watu, na jinsi mwenye ukuta alivyonimwagia uji. Wiki iliyopita niliwaacha nikishangilia cherehani ya miguu niliyoitoa Lobule na kuiuza kabla jasho la safari halijanikauka.

Leo nitawaambia kilichokuwa ndani ya picha ya ile cherehani.

Kundi letu la mtandaoni lina sheria moja. Vitu vya wizi vilizidi hadi watu wakawa wananunua masufuria yao wenyewe. Asuman, mwenye kundi, akaamuru kwamba hakiuzwi kitu bila picha ya mwenye kitu, akiwa nacho, nyumbani kwake, uso wazi. Wenzangu walinung'unika. Mimi niliipenda sheria hiyo, maana ilinifanya nijione mfanyabiashara safi.

Basi kule Lobule nilimsimamisha Ayiko, mume wa mwenye cherehani, katikati ya ua wake, mkono juu ya mashine. Alikuwa amekunja uso. Wateja hawapendi uso uliokunjwa, hudhani kitu kina kasoro. Nikamwambia acheke kidogo nimpige picha. Akakataa. Nikamtania kwamba hii si picha ya kitambulisho, na mwanaume mwenye meno mazuri namna ile anayaficha ya nini. Akacheka, nami nikabonyeza.

Nyuma yake kulikuwa na udongo mpya.

Niliuona. Sitawaficha hilo. Ulikuwa tuta refu, limepigwa koleo likalainika, na fimbo mbili zimefungwa msalaba. Lakini kwetu mtu huzikwa kwake, na ua usiokuwa na kaburi ni ua wa jana. Nikajiambia labda ni la mzee wao. Nilipomwuliza mkewe yuko wapi, Ayiko alisema yuko kwao Koboko, na ruhusa ya kuuza ameitoa. Nilisikia neno ruhusa tu, mengine yakapita sikioni.

Siku hiyo hiyo, Jumamosi, picha ikaenda mtandaoni. Jumapili mteja mmoja akaniandikia kwamba ana kitanda na viti vya sebuleni anauza, viko Lobule, nimtumie mwenye pikipiki avione. Jina lake Duku. Jumatatu alfajiri nikamtuma Acidri.

Saa tatu nakoroga uji wa watoto, simu ya Acidri ikaita. Sauti haikuwa yake.

"Wewe ni mama ya kuuza mitumba?"

Nikasema ndimi.

"Mimi naitwa Duku. Stella Kiden, mwenye mashine, ni dada yangu. Yeye iko ndani ya udongo, na mimi hapana ambiwa. Mutu yako iko hapa. Saa kumi wewe naleta mashine, na wewe mwenyewe nakuja. Wewe naleta polisi, sisi nazika watu mbili."

Nyuma yake nilisikia kitu kikipiga nyama. Kisha Acidri, sauti imejaa mate: "Dada, leta tu. Usiulize, leta."

Mwiko ulinitoka mkononi. Nikaifungua ile picha, nikaivuta kwa vidole viwili mpaka udongo ukajaa kioo kizima. Chini yake kulikuwa na maoni ya watu sabini na kitu. Jumamosi jioni mtu mmoja, Lodu, aliuliza: "Hiyo udongo nyuma ni ya nini?" Akauliza tena: "Mwenye mashine iko wapi?"

Na mimi, hodari wa biashara, nilikuwa nimemjibu: "Mashine ni nzima kabisa, bei tutaelewana, karibu." Nikaweka na kimoyo chekundu.

Uji ulianza kuungua. Niliuacha, nikatoka na aproni yangu.

Cherehani nilikuwa nimemwuzia Elena, fundi aliyekimbia vita Sudan Kusini, ambaye ana kibanda Vurra, karibu kabisa na malori yanayosubiri forodha. Nilikodi gari, nikamwambia dereva asizime injini. Elena alikuwa akikanyaga, mlima wa sare za shule pembeni yake.

Nilipaswa kumwambia ukweli. Aibu ikanikaba. Nikamwambia nimegundua mashine ina ubovu, nimekuja kumrudishia fedha yake yote na nyongeza. Akacheka. Akakanyaga kwa nguvu zaidi ili nisikie ilivyokuwa ikiimba. Akasema aliinunua kwa kuuza mbuzi wawili, na kwamba mashine mbovu haishoni suruali kumi na nne kwa siku moja.

Nikakishika kichwa cha mashine, nikavuta. Elena akashika upande wa pili. Tukavutana kama watoto wanaogombania kuku wa Krismasi, watu wa malori wakaanza kusogea na kutuchochea. Kisha akaukamata mkasi, ule mkubwa wa kukatia kitambaa, akanichana kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja.

Sikuhisi maumivu. Nilimwona Acidri tu. Pasi ya mkaa ilikuwa mezani, imewashwa. Niliinyanyua kwa mkono mzima nikampiga nayo begani. Kifuniko kikafunguka, mkaa ukamwagikia paja lake na sare za watoto wa watu. Alianguka chini akilia, akijifuta moto kwa mikono mitupu, na ule mlima wa nguo ukaanza kufuka moshi.

Ni hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nikamwambia mwenye mashine amekufa, ndugu zake wamemshika mdogo wangu, na nisipofika nayo saa kumi watamwua.

Watu wa malori walikimbilia ndoo. Mmoja akamwaga maji kwenye sare. Elena alikaa chini, paja limeshaanza kufura malengelenge.

"Kwa nini wewe hapana sema kwanza?" akasema. "Mimi pia nazika watu. Mimi natoa bure."

Akajikokota hadi kwenye meza. Kwa mkono mmoja akafungua mkanda, kisha skrubu moja baada ya nyingine, akanisukumia kichwa cha mashine. Niliacha fedha juu ya meza. Hakuzitazama. Mpaka leo nikipita Vurra hufunika uso kwa leso, na si kwa sababu ya vumbi.

Dereva hakuwa amezima injini. Nilifunga mkono kwa aproni, mashine mapajani, damu yangu ikaingia kwenye gurudumu. Tulifika Lobule saa tisa na nusu.

Nyumba ya Ayiko ilikuwa imeshaungua, imebaki kuta tu. Pikipiki ya Acidri ilikuwa imelazwa mbele yake, nayo imeteketea mpaka waya. Ayiko mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko, jicho moja limezibwa na uvimbe, mkono mmoja umening'inia vibaya. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kola imechanika, akirudia kwamba watu wasiuane kabla serikali haijafika. Kila aliporudia mtu alimzaba kofi dogo, la heshima, akanyamaza.

Na Acidri wangu alikuwa chini, ubavuni mwa kaburi, mikono imefungwa nyuma kwa ile mipira yake ya kufungia mizigo. Sikio lilikuwa limechanika. Aliponiona alianza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti. Nilimlea mimi huyu tangu mama yetu afariki. Kama wangeniambia nichague mkono wangu au wake, wangechukua wangu kabla hawajamaliza kuuliza.

Lodu, yule aliyeuliza kwenye picha, alinipokea kwa ngumi. Nilianguka na mashine yangu, jino likanitoka. Nduguye, Duku, akamrudisha nyuma. Akakiokota kichwa cha cherehani, akakifuta damu na vumbi kwa shati lake, akakiweka juu ya kaburi la dada yake.

Wasomaji wa Arua hawahitaji kuambiwa, lakini wengine wajue. Kwetu mwanamke akiolewa hahami ukoo wake. Akifa, ndugu zake ndio wa kwanza kuambiwa. Wao ndio huja kuuona uso wake kabla haujafunikwa, na mpaka wapewe haki yao hata kijiko chake hakitoki uani. Duku na Lodu walikuwa Yei, ng'ambo ya mpaka, wakinunua mbao. Ayiko alimzika Kiden kesho yake tu baada ya kifo, akawaambia majirani kwamba ilikuwa homa, na kwamba mashemeji wamepigiwa simu na wameruhusu.

"Sisi naona kifo ya dada yetu kwa simu," Duku akaniambia. Hakupaza sauti. "Lodu nafungua simu atafute bei ya misumari. Anaona shemeji nacheka. Anaona mashine ya Kiden. Anaona udongo. Wewe najua hiyo ni nini?"

Nilipiga magoti.

"Mwanaume nacheka kwa mutu yenye nashika simu," akasema tena. "Wewe ni nani kwa Ayiko?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Acidri alikuwa amefungwa. Hawakutaka mashine tu. Machoni pao mimi nilikuwa bibi mpya. Ayiko na mimi tulikuwa tumemwondoa dada yao ili tuoane na kugawana vitu, na mdogo wangu ndiye mchukuzi. Wanawake waliokuwa wamekaa chini walianza kunizomea. Lodu alikuwa na panga, amelichomeka udongoni karibu na shingo ya Acidri, anasubiri neno langu.

Duku akaniuliza nilifika nyumba ile mara ngapi. Nikajua kwamba uhai wa Acidri uko katika jibu hilo.

Nikasema mara mbili. Mara ya kwanza Kiden alikuwa hai.

Nikawaeleza yote. Nilikuja na Acidri wiki mbili kabla ya ile picha, tumesikia kuna cherehani nzuri. Kiden alikuwa akishona gauni la ubatizo. Hakusimamisha mguu, lakini alinipa karanga kwenye kisahani akaniambia nikae. Nilipotaja bei, akatikisa kichwa. Alisema mashine ile kaka zake walimnunulia kwa fedha ya mbao za kwanza, na kwamba atakapokufa wao ndio watakaokuja kuichukua. Akacheka, akaniambia nikanunue vitanda.

Duku alikaa chini. Mtu mzima, mabega mapana namna ile, akaweka kichwa chake juu ya cherehani akalia. Alisema hayo ni maneno ya dada yake, hakuna mgeni angeweza kuyatunga. Kisha, bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono upande wa Acidri.

"Fungua huyu. Hawa ni watu ya biashara. Hawana kichwa, lakini hapana ua mutu."

Nilikimbilia mipira ile nikaifungua mwenyewe, kwa meno na kwa mkono mmoja. Mikono ya Acidri ilikuwa ya baridi. Nikamwambia pole, pole, tunakwenda nyumbani.

Hapa lazima nitubu, maana ndiyo sababu ya kuandika. Kuna jambo sikulisema mbele ya kaburi lile. Siku ile ya kwanza, Kiden alipokataa, Ayiko alitusindikiza mpaka barabarani. Mimi nikamwambia cherehani ile ina fedha nyingi, tena nzuri. Nikamwambia mwanamke hukataa mara ya kwanza, ya pili anataka kusukumwa kidogo. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikicheka, nimeshapanda nyuma ya pikipiki. Tangu Duku aliponipigia simu nilikuwa nikijua moyoni kwamba Ayiko alilibeba neno langu akaliingiza nyumbani, na ndilo lililomwua Kiden. Nilimwona pale nguzoni na jicho lake lililoziba, nikasema moyoni na afe, afe na siri yangu.

Lakini Ayiko aliinua kichwa.

"Shemeji," akasema. Damu ilimtoka na maneno. "Mimi nasema homa. Mimi nadanganya."

Duku akasimama.

"Kiden hapana kufa na homa. Siku ya Alhamisi mimi iko shamba. Narudi, nakuta yeye chini mlangoni, kichwa imepasuka kwa jiwe ya ngazi, mashine iko nje nusu. Mimi naogopa. Mimi najua nyinyi nasema ni mimi. Ndiyo nazika upesi. Ndiyo nauza, hii kitu hapana kaa machoni yangu." Akavuta pumzi. "Lakini majirani naona pikipiki natoka hapa. Uliza wao. Pikipiki ile."

Akaielekezea kidevu ile iliyoungua.

Nilitaka kucheka. Mfa maji haachi kutapatapa, nikasema moyoni, na huyu amekamata unyasi uliomkaribia. Nikatazama wale wanawake waliokaa chini ili wamkanushe. Mmoja wao, mzee aliyekuwa akinizomea kuliko wote, akaishusha leso mdomoni. Akasema ni kweli, Alhamisi, adhuhuri, ilipita kwa kasi ikamwulia kuku wake. Alidhani ni mgeni wa Kiden, na baadaye mambo ya msiba yakamfanya asahau kuku.

Alhamisi ile mimi ndiye niliyempa Acidri mafuta ya pikipiki, aende Koboko kuangalia godoro. Alirudi jioni akasema godoro lilikwisha nunuliwa. Akasema pia nisikate tamaa na ile cherehani, itatoka tu. Na siku ile ya kwanza barabarani, nilipokuwa nikimfundisha Ayiko namna ya kumsukuma mkewe, ni Acidri aliyekuwa mbele yangu, ameshika usukani, anasikiliza.

Nikamgeukia. Nilitaka aseme kitu kimoja tu. Aseme alipita akaomba maji, aseme alikwenda kwingine, aseme uongo wowote, ningeuapia juu ya kaburi lile na kaburi la mama yetu.

"Acidri," nikasema, "waambie."

Hakuniangalia. Aliangalia barabara. Mikono niliyomfungulia alikuwa akiisugua, damu irudi.

Kisha akakimbia.

Aliruka kaburi, akaruka ile pikipiki, akaingia shamba la muhogo. Kama angesimama ningemtetea. Lodu alilichomoa panga udongoni. Duku hakumzuia safari hii, na wanaume wote wa ua ule wakatoka kwa pamoja, hata mwenyekiti akainuka kwenye ndoo yake.

Nilipanda juu ya tuta la Kiden ili nione. Muhogo ulikuwa mfupi, kichwa cha Acidri kilionekana vizuri, na alikuwa amewaacha mbali. Alikuwa mwepisi tangu utotoni, angeweza kufika mtoni. Sijui nilitaka kumwambia arudi au aongeze mbio. Nililiita jina lake kwa nguvu zangu zote.

Akageuka kunitazama, na ndipo alipojikwaa.